Namna ya Kunatisha Chembe Nano za Silika kwenye Ngozi Iliyosindikwa kwa Muwati

Fundi yeyote wa ngozi anajua kwamba si kila kinachopakwa hukaa, kwa maana kuna rangi inayoondoka na kitambaa cha kwanza cha maji na kuna nyingine inayodumu hadi kiatu kinachakaa. Chembe nano, yaani chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita), nazo ziko hivyo hivyo, na anayeanza kuzifanyia kazi mara nyingi hutumia muda wake wote kwenye chembe zenyewe, akaisahau ngozi na akayasahau maji yanayozikutanisha. Uzoefu wangu ni kwamba pH ya maji hayo, yaani kipimo cha asidi yake, ina uamuzi mkubwa zaidi kuliko wingi wa chembe utakazomimina, na mwongozo huu umepangwa kufuata wazo hilo.

Tutafanya kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: kutengeneza chembe za silika zenye kipenyo cha takriban nanomita 100, kuzivika vikundi vya amini (vikundi vyenye naitrojeni vinavyoweza kubeba chaji chanya), kuzinatisha kwenye ngozi ya ng'ombe iliyosindikwa kwa gome la muwati, kisha kupima kwa kuosha na kusugua kama kweli zimenata. Silika nimeichagua kwa sababu ni rahisi kutengeneza na makosa yake hayagharimu kama yale ya fedha au dhahabu. Muwati nimeuchagua kwa sababu, ingawa asili yake ni Australia, ndio unaotupatia tanini, ile dawa ya gome inayosindika ngozi, huku kwetu, hasa kutoka mashamba ya Njombe, na kwa sababu ngozi yake ina tabia ya umeme iliyo wazi kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kuiona kwa macho.

Mambo ya kuelewa kabla ya kushika chupa

Ngozi hubaki kuwa protini hata baada ya kusindikwa. Sehemu yake kubwa ni kolajeni, ambayo molekuli yake ni minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja kama kamba ya katani, ikiwa na urefu wa takriban nanomita 300 na unene wa nanomita 1.5 hivi. Molekuli hizo hujipanga kuwa vinyuzi, vinyuzi hufungamana kuwa nyuzi, na nyuzi hupishana huku na huko hadi kufanya kitambaa kizito ambacho hakikufumwa na mtu. Kwa kuwa vinyuzi vyenyewe vina unene unaokaribiana na nanomita 100, chembe ya ukubwa huo haipenyi kwa urahisi katikati yake, bali hukaa juu ya uso wa nyuzi na kwenye mianya mikubwa. Hilo linatufaa, maana tunataka kuchunguza kunata, na chembe iliyokwama ndani ya tundu hudanganya kana kwamba imenata.

Kando ya molekuli ya kolajeni kuna vikundi viwili vya kuangaliwa. Asidi ya aspatiki na asidi ya glutamiki zina kaboksili, ambayo huachia protoni na kubaki na chaji hasi pale pH ya maji inapopanda kupita 4 hivi. Lisini na aginini, kwa upande mwingine, hubeba chaji chanya na kuendelea kuibeba hadi pH inapozidi 10. Kwa hiyo ngozi haina chaji moja ya kudumu. Iko pH ambayo chanya na hasi hulingana, iitwayo nukta ya chaji sifuri, na juu ya hapo ngozi huwa hasi, chini ya hapo huwa chanya.

Usindikaji huihamisha nukta hiyo. Chokaa inayotumika kuondoa manyoya hugeuza baadhi ya amidi za kolajeni kuwa kaboksili na hivyo kuiongezea ngozi uhasi. Tanini ya muwati hushikamana na kolajeni na kufunika amini nyingi, kwa hiyo nukta ya chaji sifuri hushuka hadi karibu na 4 au chini yake. Kromu, chumvi ya metali ambayo nayo hutumika kusindika ngozi, hufanya kinyume: hushika kaboksili na kuziacha amini huru, na ngozi yake, kabla haijaongezewa mafuta na rangi, hubaki na nukta iliyo juu, karibu na 6 au 7. Ukitumbukiza ngozi hizi mbili katika beseni moja lenye pH 5, ya muwati itakuwa hasi na ya kromu itakuwa chanya, na chembe inayoipenda moja itaikimbia nyingine.

Silika tupu huwa hasi katika maji yoyote yenye pH iliyozidi 3 hivi, kwa hiyo husukumana na ngozi ya muwati. Ikivikwa amini hugeuka kuwa chanya, na hubaki chanya hadi karibu na pH 9. Kwa hesabu ya karatasi, basi, nafasi ya kuvutana ni kati ya 4 na 9. Kwa vitendo nafasi hiyo ni finyu zaidi, kwa sababu kadiri pH inavyopanda kupita 6 tanini huanza kutoka ndani ya ngozi na ngozi yenyewe huwa nyeusi. Tutafanya kazi kati ya 4.5 na 5.5.

Mvuto wa chaji ni mwaliko tu. Huileta chembe hadi mlangoni, lakini kinachoishikilia baada ya kufika ni nguvu nyingine zinazofanya kazi kwa umbali mfupi sana: mvuto wa van der Waals (mvuto hafifu wa vitu vyote vikikaribiana sana), bondi za haidrojeni kati ya amini na haidroksili nyingi za tanini, na mbano unaotokea maji ya mwisho yanapokauka kati ya chembe na unyuzi. Chumvi hupunguza umbali wa mwaliko huo. Katika maji yenye milimoli 1 (kipimo cha idadi ya molekuli) ya chumvi kwa lita, chaji husikika kwa takriban nanomita 10. Katika milimoli 100 husikika kwa takriban nanomita 1 tu. Ndiyo maana maji ya bomba au ya kisima chenye magadi hayafai hapa. Kama maabara haina maji yaliyosafishwa, maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta yanatosha, ila soma chupa vizuri, kwa sababu kwenye rafu hiyo hiyo huwekwa asidi ya betri.

Hatua ya kwanza: kuiosha ngozi hadi ikome kutoa rangi

Tafuta ngozi iliyosindikwa na kukaushwa lakini isiyopakwa rangi, nta wala polishi. Kata vipande vya sentimita 3 kwa 3, vyenye unene wa milimita 1.5 hivi, na vyote vitoke sehemu ya mgongo, kwa kuwa nyuzi za tumboni zimelegea na hunywa maji kwa namna yake. Kila kipande kitakuwa na uzito wa takriban gramu 1. Andaa angalau ishirini.

Loweka vipande kwa nusu saa katika maji ya vuguvugu, nyuzi 35, yenye matone machache ya sabuni isiyo na chaji. Sabuni ya mche na sabuni nyingi za unga hazifai, kwa sababu molekuli zake ni hasi, na zikibaki kwenye ngozi zitazipokea chembe kabla ya kolajeni. Baada ya hapo suuza kwa maji yaliyosafishwa yenye asidi ya asetiki kidogo, pH 5, na ubadilishe maji kila baada ya nusu saa. Maji ya kwanza yatatoka na rangi ya chai ya rangi, ya pili yatapauka, na usiendelee mbele hadi maji yaliyokaa na ngozi nusu saa nzima yaonekane meupe ukiyaweka mbele ya karatasi. Mara nyingi hilo huhitaji kubadilisha maji mara sita au zaidi.

Hatua hii inachosha, na mimi mwenyewe niliwahi kuiruka. Nilisuuza mara mbili, nikaona yatosha, nikamimina chembe zangu. Ndani ya dakika tano beseni lililokuwa na mng'ao wa bluu hafifu liligeuka kuwa kama mtindi uliokatika, mabonge ya kahawia yakashuka chini na maji yakabaki angavu juu yake. Tanini iliyokuwa ikielea majini ilikuwa imezikamata chembe na kuzigandisha pamoja kabla hazijaigusa ngozi. Kibaya zaidi, vipande vyenyewe vilitoka vikiwa vimepakwa tope hilo, na laiti nisingeviosha ningeandika kwamba jaribio limefaulu sana.

Angalia pia kwamba ngozi ya muwati ina asidi yake yenyewe. Ukiiweka katika maji ya pH 5, baada ya muda pH itashuka kuelekea 4. Irudishe juu kwa matone ya amonia iliyozimuliwa sana, ukipima kila mara, hadi pH ikae mahali pamoja kwa nusu saa.

Hatua ya pili: kuiuliza ngozi ina chaji gani

Kabla ya kutumia chembe, tumia rangi. Bluu ya methilini ni molekuli chanya na hupatikana katika maabara nyingi za shule, na eosini ni molekuli hasi. Tengeneza maji yenye rangi hafifu ya kila moja, yote katika pH 5, tumbukiza kipande kimoja cha ngozi iliyooshwa katika kila kikombe kwa dakika kumi, kisha suuza kwa maji ya pH 5. Ngozi ya muwati iliyo safi huishika bluu kwa nguvu na kuiachia eosini kwa wepesi. Wapakaji rangi wamelijua jambo hili tangu zamani: rangi chanya huingia katika ngozi ya tanini bila kuhitaji kitu kingine cha kuzishikisha.

Kama bluu imesuuzika na eosini imebaki, ama ngozi uliyonayo si ya muwati pekee, ama pH imeshuka chini ya nukta ya chaji sifuri. Rudi nyuma urekebishe. Chembe hazitakusamehe mahali ambapo rangi imekuonya.

Hatua ya tatu: kutengeneza chembe

Njia tutakayotumia inatokana na kazi ya Stöber, Fink na Bohn ya mwaka 1968, ambayo huigeuza silika ya kimiminika kuwa viduara kwa msaada wa amonia ndani ya etanoli. Vaa glavu na miwani ya kinga, na fanya kazi ndani ya kabati la kufyonza mvuke, kwa sababu amonia huwasha macho na kimiminika cha silika, ambacho kwenye chupa huandikwa TEOS, huwasha macho na njia ya hewa.

Mimina mililita 50 za etanoli ya asilimia 99 kwenye chupa safi yenye kikorogeo cha sumaku, ongeza mililita 1 ya maji yaliyosafishwa na mililita 2.5 za amonia ya asilimia 28. Etanoli ya asilimia 96 itakuletea maji ya ziada yatakayobadilisha ukubwa wa chembe, kwa hiyo usiibadilishe kienyeji. Koroga dakika kumi kwa joto la nyuzi 25, kisha ongeza mililita 1.5 za TEOS kwa mkupuo mmoja. Kwa dakika kadhaa hutaona lolote. Kisha, kama mtu aliyepulizia moshi mwembamba ndani ya kioo, kimiminika kitaanza kuwa na ubluu hafifu, na baadaye weupe. Acha kikoroge usiku kucha.

Kwa vipimo hivi utegemee kipenyo cha takriban nanomita 100 na jumla ya silika isiyozidi gramu 0.4. Amonia ikipungua chembe huwa ndogo, na ikiongezeka huwa kubwa.

Hatua ya nne: kuvika amini, na hesabu yake

Dawa ya kuvika huitwa APTES. Molekuli yake ina ncha ya silikoni inayojifunga kwenye silika, na mkia wenye amini unaobaki nje. Watu wengi huimimina kwa kukadiria, na ziada yake hujenga matabaka yaliyolegea ambayo baadaye hubanduka na kuelea majini, ambapo huenda kunata kwenye ngozi kabla ya chembe. Ni afadhali kupiga hesabu.

Kiduara chenye kipenyo cha nanomita 100 na msongamano wa gramu 2 kwa sentimita ya ujazo huipa kila gramu ya silika eneo la nje la mita za mraba 30. Tuna gramu 0.4, yaani mita za mraba 12. Gramu moja ya APTES inaweza kufunika takriban mita za mraba 353, kwa hiyo tabaka moja linahitaji gramu 0.034. Kwa kuwa si kila molekuli itafika mahali pake, tunazidisha mara tatu, na hiyo ni kama mililita 0.11.

Ongeza kiasi hicho, tone baada ya tone, kwenye chupa ile ile ambayo bado ina amonia, na ukoroge kwa saa nne au zaidi. Usishtuke ukiona kimiminika kimekuwa kizito kama uji au vipande vyeupe vimejitokeza: amonia imepandisha pH hadi eneo ambalo amini hazina chaji ya kutosha kuzitenganisha chembe, na nyingi zitaachana tena utakapozihamishia kwenye maji yenye asidi. Tenganisha chembe kwa sentrifuji, mashine inayozungusha bomba kwa kasi hadi chembe zishuke chini, mwaga kimiminika cha juu, ongeza etanoli mpya, tikisa, na urudie mara tatu. Baada ya hapo osha mara mbili zaidi kwa maji yenye milimoli 1 ya asidi ya asetiki kwa lita, ambayo ni gramu 0.06 tu.

Zihifadhi ndani ya maji hayo, kwenye chupa iliyofungwa. Usizikaushe ziwe unga. Zikishakauka hushikana zenyewe kwa zenyewe na hazitawanyiki tena vizuri, na unga wa namna hiyo ukipeperuka si kitu cha kuvutwa kifuani.

Hatua ya tano: kuhakikisha amini zipo

Chukua matone machache ya chembe zako kwenye bomba la majaribio, ongeza ninhidrini ya asilimia 1 iliyoyeyushwa katika etanoli, na uweke bomba ndani ya maji yanayochemka kwa dakika tano. Rangi ya zambarau ikitokea, amini ipo. Fanya hivyo hivyo kwa silika ambayo haikuvikwa lakini imeoshwa kwa idadi ile ile ya mara, kwa sababu amonia iliyobaki nayo huleta zambarau, na kama bomba hilo la pili nalo limebadilika rangi, tatizo lako ni uoshaji. Ninhidrini ni dawa ile ile ambayo tangu mwaka 1954 hutumika kuonyesha alama za vidole kwenye karatasi, kwa kuwa huzipata asidi amino za jasho. Ukisahau glavu, vidole vyako vitakushitaki kwa siku kadhaa.

Hatua ya sita: beseni la kunatisha

Hapa ndipo watu huongeza chembe kama wanaoongeza sukari. Tupige hesabu nyingine. Tabaka moja lililojaa la viduara vya nanomita 100 lina uzito wa takriban mikrogramu 12 kwa kila sentimita ya mraba. Kipande chetu, pande zote mbili, kina sentimita za mraba 18, ambazo zingefunikwa na miligramu 0.2 hivi kama ngozi ingekuwa bapa kama kioo. Si bapa, hasa upande wa nyama, lakini hesabu hii inatuonyesha kwamba miligramu chache kwa kipande ni nyingi.

Zimua chembe hadi miligramu 0.2 kwa mililita, kwa maji yenye milimoli 1 ya asidi ya asetiki yaliyorekebishwa kwa amonia hadi pH 5. Nimetaja amonia kwa makusudi. Ukitumia asetati ya sodiamu, kama vitabu vingi vinavyoelekeza, sodiamu itabaki kwenye majivu ya hatua ya mwisho na kuharibu kipimo, ilhali asidi ya asetiki na amonia huondoka zote kwa joto.

Gawa mililita 30 kwa kila kikombe na utumbukize kipande kimoja kilicholowa. Kipande kikavu kisitumbukizwe, kwa kuwa kitafyonza maji kwa pupa na kuburuta chembe hadi kwenye mianya. Fanya vikombe vitano vya namna hiyo. Andaa pia vitano vyenye ngozi katika maji yasiyo na chembe, vitano vyenye chembe bila ngozi, na vitano vyenye ngozi na silika ambayo haikuvikwa amini. Kundi hili la mwisho ndilo litakalokuambia kama kuvika kumeleta tofauti, na bila hilo jaribio zima halina ushahidi.

Tikisa vikombe polepole kwa saa mbili, ukipima pH baada ya nusu saa ya kwanza. Ikishuka chini ya 4.5, irekebishe katika vikombe vyote kwa namna moja.

Hatua ya saba: kukausha

Toa vipande kwa kibanio, vitumbukize mara moja kwenye maji safi ya pH 5 na uvitoe, kisha vitandaze kivulini kwenye wavu kwa siku nzima. Kadiri maji yanavyopungua, utando wake hubana chembe dhidi ya unyuzi na kuzisogeza karibu kiasi ambacho chaji peke yake haiwezi, na huko ndiko bondi za haidrojeni hupata nafasi. Feni kali au jua huwahi kuukausha uso na kuzisukuma chembe kwenye mistari ya mikunjo, ambapo utaziona kama vumbi jeupe. Joto la tanuri dogo lisizidi nyuzi 50, na lisitumike kabla ngozi haijakauka yenyewe.

Hatua ya nane: kupima kilichobaki, kisha kujaribu kukiondoa

Kishawishi ni kuichoma ngozi na kupima silika kwenye majivu yake. Tatizo ni kwamba ngozi ina majivu yake ya asili, na tofauti kati ya kipande na kipande inaweza kuzidi uzito wa chembe unazozitafuta. Pima maji yaliyobaki badala ya ngozi. Changanya maji ya vikombe vitano vya kundi moja, pamoja na yale ya kutumbukizia, yakaushe kwenye kikombe cha kauri, choma kwenye tanuri la nyuzi 600 kwa saa mbili, acha kipoe mahali pakavu na upime kwa mizani inayosoma hadi miligramu 0.1. Tanini iliyovuja itaungua, silika itabaki.

Tuseme kundi la chembe bila ngozi limeacha miligramu 28, kundi la chembe na ngozi limeacha 16, na kundi la ngozi bila chembe limeacha 2. Zilizobaki majini ni 14, zilizoshikwa na vipande vitano ni 14, yaani miligramu 2.8 kwa kipande. Namba hii ni kubwa kuliko ile ya tabaka moja bapa, na usiifurahie mapema, kwa sababu ndani yake zimo chembe zilizonata, zilizokwama na zilizorundikana. Kuosha ndiko kutakakozitenganisha.

Vipande vilivyokauka vitikise kwa nusu saa katika maji safi ya pH 5, mililita 30 kwa kila kimoja, na urudie mara tatu. Zitakazotoka hapa hazikuwa zimeshikwa na chochote. Kisha vitikise katika kloridi ya amonia, gramu 5.35 kwa lita, pH 5. Chumvi hii hufupisha mkono wa chaji hadi nanomita moja, kwa hiyo zitakazotoka hapa ni zile zilizokuwa zikitegemea chaji peke yake. Zinazobaki baada ya hapo zimeshikwa na bondi za karibu, na hizo ndizo za kuhesabiwa. Maji ya kila uoshaji yakaushe na kuyachoma kama yale ya kwanza. Kloridi ya amonia hupaa kwa joto bila kuacha majivu, lakini moshi wake mweupe ni mwingi, kwa hiyo iondoe polepole chini ya kabati la kufyonza mvuke kabla ya kuingiza kikombe kwenye tanuri. Jaribio la chumvi lina maana pia kwa mvaaji, maana jasho la mguu ni maji ya chumvi.

Kwa kusugua, kiwango cha kimataifa cha ngozi ni ISO 11640, kinachotumia kipande cha sufu iliyoshindiliwa kikienda na kurudi juu ya ngozi chini ya uzito maalumu. Bila mashine hiyo, funga kitambaa cheusi cha pamba kwenye jiwe la mizani la gramu 500 na usugue mara 50 kwa mwendo mmoja, kwanza kikavu, kisha kikiwa na unyevu. Vumbi jeupe kwenye kitambaa cheusi halijifichi. Likitokea kwa kipande ambacho kilipita jaribio la chumvi vizuri, tafuta sababu katika marundo ya chembe yaliyopona kwenye mikunjo, na rudi kwenye ukaushaji.

Iwapo ngozi uliyonayo ni ya kromu

Usibadilishe pH ukidhani utaizoesha ngozi ya kromu chembe za amini. Katika pH 5 zote mbili ni chanya. Badilisha vazi la chembe: acha silika tupu, ambayo ni hasi, au tumia chembe zilizovikwa sitrati au kaboksili nyingine. Rudia jaribio la rangi la hatua ya pili kwanza, kwa sababu ngozi ya kromu iliyotoka kiwandani ikiwa tayari ina mafuta yenye salfati na tanini za kutengenezwa huwa imefunikwa uhasi juu juu, na inaweza kuishika bluu ya methilini kana kwamba ni ya muwati. Kata ukingo wa kipande kwa wembe baada ya kukipaka rangi uangalie mkato wake kwa kioo cha kukuza: ikiwa bluu imeishia kwenye utando wa juu na katikati kumebaki na kijani-bluu hafifu cha kromu, chembe za amini zitanata kwenye mafuta hayo, na zitaondoka nayo.